Upande wa Mwenzako Kwanza

Kabambare, 29 Septemba

Jibu limefika. Chuo kimekubali faili langu la shahada ya pili ya sheria za ardhi, kwa sharti moja: nifanye mtihani wao wa kuingia, na mtihani wenyewe ni wa Kiingereza. Sehemu ya hesabu hainitishi. Inayonitisha ni sehemu ya maneno: kusoma vifungu virefu, kueleza mwandishi anadai nini, kujaza sentensi zilizoachwa nusu. Wameandika alama wanayoitaka. Nikiikosa, nafasi anapewa mwingine, na mwaka ujao nitakuwa nimevuka umri wa kupewa msaada wa masomo. Kwa hiyo ni mara hii au basi.

Kibangubangu nilikipata kwa mama, Kiswahili kwa watu wote, Kifaransa shuleni. Kiingereza nilifundishwa na walimu ambao wenyewe walikiogopa.

Mtihani ni tarehe 10 Desemba, Kasongo, mbele ya kompyuta. Shangazi Cécilia amenitafutia chumba katika ofisi ya ushirika wa wakulima wa mpunga, ambako kuna mtandao wa satelaiti. Namshukuru Mungu kwa jibu hili. Usingizi, lakini, sijaupata vizuri tangu lilipofika.

2 Oktoba

Mvua. Nimejifunza maneno mapya mengi kabla ya kwenda kazini.

3 Oktoba

Mvua. Maneno ya jana yamekwenda nayo.

8 Oktoba

Nimefanya mtihani wa majaribio, ule uliokuja pamoja na barua. Maneno nayajua, hata mengine magumu. Vifungu vyenyewe nimeanguka karibu vyote. Nikisoma kifungu naona nimekielewa, kisha nachagua jibu ninaloliona jema, na jibu jema si lile wanalolitaka. Sijui kosa liko wapi. Mtu asiyejua kosa lake anawezaje kulirekebisha?

Mimi ni karani wa baraza la mashauri. Mkuu wetu, Mzee Ayoubu, anasikiliza ugomvi wa mashamba, mahari na mbuzi; mimi naandika muhtasari. Hajui kuhusu mtihani na sitaki ajue. Karani aliyekuwepo kabla yangu alisema tu kwamba anafikiria kwenda Kindu, na kesho yake akakuta mtu mwingine kwenye kiti chake.

12 Oktoba

Leo nilisimama chini ya bati la duka la Mama Séraphine kungoja mvua ipite. Ni mfanyabiashara kutoka Butembo. Anauza sepetu, karai na mabuti kwa wachimbaji wa dhahabu wanaopanda Salamabila. Siku zote nimempitia mbali kidogo, kwa sababu sauti yake inafika mpaka bironi kwetu, ofisi ya baraza, na mtu akibisha bei anamwuliza kama mama yake anajua aliko.

Nilitoa karatasi yangu mfukoni nikaanza kusoma.

“Karani,” akasema, “uko unasoma ama uko unasali?”

“Nasoma, Mama.”

“Midomo inacheza sana. Leta.”

Akaichukua karatasi, akasoma kifungu kizima kwa Kiingereza, bila kukwama, kwa sauti ileile anayoitia wateja. Nilibaki nimeduwaa.

“Juu ya nini unanitazama hivi? Ulizani hii luga ni ya wenye kravati tu?”

Kumbe wazazi wake walikimbilia Uganda alipokuwa mdogo, na sekondari yote aliisomea huko. Shule yao ilikuwa na kikundi cha mjadala. Alikuwa msemaji wao. Nilimweleza shida yangu, nikiangalia viatu vyangu. Nikamwuliza angetaka nini ili anisaidie.

“Hapa kila mutu ananiuliza bei,” akasema. “Miaka haina mwenye kuniuliza maneno. Kuja asubui, mbele ya kazi. Na ukae hapa inje, watu wote wakuone, juu midomo yao isipate shauri ya kuleta kwenu.”

14 Oktoba

Nimekosa vifungu vyote asubuhi hii. Anasema ni mwanzo mzuri, maana sasa tunajua ninakosa kwa bidii.

15 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Mama Séraphine hakufungua.

17 Oktoba

Leo amelipata kosa langu.

Kifungu kilisimulia mji wa kale uliohamwa. Wataalamu wengi, kilisema, wanaamini watu walikimbia ukame. Mwandishi anawakatalia: ukame ulipiga bonde zima, na miji jirani haikuhamwa, kwa hiyo ukame hautoshi kuwa sababu. Swali: mwandishi anawaonaje wenzake? Nilichagua jibu linalosema kwamba kila upande una sehemu ya ukweli.

“Hii umeitoa wapi?” akauliza.

“Ndivyo nilivyoelewa.”

“Nionyeshe pahali alisema hivyo.”

Nikatafuta. Hapakuwepo.

“Niliona si adabu kumwacha mmoja akose kabisa,” nikasema.

Mama Séraphine alicheka mpaka akaiweka sepetu chini. “Karani. Hawa watu wanagombana mu kitabu. Nani alikuita uwapatanishe?”

Nilicheka naye, lakini siku nzima nilikuwa nalifikiria jambo hilo. Ni kazi yetu ndiyo iliyonifunza hivi. Muhtasari wa baraza hauwezi kumalizika kwa ugomvi. Mtu akisema “huyu ni mwizi na baba yake alikuwa mwizi,” mimi naandika “ameeleza masikitiko yake.” Watu wakitoka wakitukanana mpaka barabarani, naandika “wametawanyika kwa amani.” Ndivyo nilivyokuta inafanywa, na mkono wangu umezoea. Sasa nampelekea mkono huohuo mwandishi wa Kiingereza ambaye hakuomba amani na mtu.

20 Oktoba

Zoezi ni hili. Nasoma kifungu, naufunika ukurasa, namwambia Mama Séraphine alichosema mwandishi. Kwanza kwa Kiswahili, halafu kwa Kiingereza. Yeye anakuwa mwandishi. Anakaa juu ya marundo ya magunia, anakunja uso, na maadamu sijayasema maneno yake kama yalivyo ananirudisha.

“Sikusema hivyo. Rudia.”

“Ulisema wenzako walikosea kidogo.”

“Nilisema kidogo? Mimi? Rudia.”

Mchimbaji mmoja aliyekuwa anajaribu mabuti akadakia: “Hata mimi sikusikia akisema kidogo.”

Ilibidi nirudie mpaka mwandishi akasema, “Ndiyo, ni vile nilisema.” Hapo ndipo anaponiruhusu kuangalia majibu. Shuleni kwao, anasema, hukuweza kumjibu mpinzani wako mpaka kwanza umeeleza upande wake na yeye mwenyewe amekubali. Wengi walishindwa hapo, kabla hata ya kujibu.

27 Oktoba

Balaa. Karatasi ya mazoezi iliingia kati ya mafaili na Mzee Ayoubu akaikuta.

Aliishika mbali na macho, kama anavyoshika kila kitu. “Hii ni shauri ya nani?”

“Ni karatasi yangu, Mzee.”

“Karani hana shauri lake mu biro.”

Akanirudishia. Hakuongeza neno. Mchana akanipa mashauri yote ya mipaka, yale yenye vikao vingi na makelele mengi. Naona ameanza kunisukuma nje polepole.

30 Oktoba

Mvua. Mashauri ya mipaka.

31 Oktoba

Mvua. Mashauri ya mipaka. Nimesoma Kiingereza nikiwa nasubiri ugali uive.

6 Novemba

Nimekusanya ujasiri, nimeomba ruhusa ya siku chache mwezi wa Desemba. Nilisema ni safari ya familia Kasongo, jambo ambalo ni kweli kwa kiasi, kwa kuwa shangazi yuko huko.

Mzee Ayoubu hakuinua kichwa. “Desemba ni mwezi wa mipaka. Mvua imelainisha udongo, watu wanang’oa miti ya mpaka na kuipanda pengine. Nani ataandika?”

Nilisema, “Ndiyo, Mzee.” Kisha nikatoka nikaenda kusimama nyuma ya jengo.

Mama Séraphine aliniuliza kama nilimweleza sababu yenyewe. Nikasema hapana.

“Basi amekatalia safari ya familia. Mutihani hajaukatalia.”

Nimemchukia kidogo, kwa sababu amesema kweli.

11 Novemba

Leo vifungu vingi nimevipata. Si vyote. Mama Séraphine amenipa ndizi, amesema ni ya wale wanaopona.

18 Novemba

Nataka niandike siku hii kwa utulivu, ingawa ni saa kadhaa tu tangu yalipotokea.

Lilirudi shauri la ndugu wawili wa kijiji cha Wamaza. Mkubwa anaitwa Asani, mdogo Aristote. Mama mmoja, mmoja alifuata dini ya baba, mwingine ya mama, na jambo hilo halijawahi kuwagombanisha. Kilichowagombanisha ni shamba. Mdogo aling’oa miti ya mpaka na kuipanda ndani ya upande wa kaka yake. Vikao vilivyopita viliisha kwa muhtasari wangu mzuri: “pande zote mbili zimeelezana na zitaendelea kuheshimiana.” Na kila mara walirudi wakiwa na hasira zaidi.

Mzee Ayoubu alisema, “Karani, soma walichosema mara ya mwisho.”

Nikalifungua faili. Nikaona kwamba nikisoma nilichoandika, hakuna hata mmoja atakayejisikia humo. Sijui nilipata wapi moyo. Nikasema, “Mzee, niliandika kwa kifupi. Naomba waseme tena, na mimi nirudie mbele yao kabla ya kuandika.”

Mzee akaashiria kwa kidole.

Aristote akasema. Nikamrudishia: “Unasema kaka yako ni mlafi, na kwamba umehamisha miti kwa sababu unataka shamba lake.”

“Sikusema nataka shamba lake.”

“Basi sema tena.”

“Nimesema aliziba njia. Zamani tulipita pale kwenda ku maji. Alipanda muhogo mu njia. Sasa bibi yangu na mimba yake anazunguka kilima kizima na bidon ya maji ku kichwa. Nilisogeza miti juu njia irudi. Shamba lake anaweza kulikula na chumvi.”

Nikarudia yote, hata chumvi. “Ndivyo ulivyosema?”

“Ni vile.”

Nikamgeukia Asani, lakini yeye alikuwa anamtazama ndugu yake. “Ni njia?” akauliza. “Miezi yote hii, ni njia?”

“Nilikwambia.”

“Uliniambia mimi ni mulafi.”

Watu wakacheka, na wao wakashindwa kujizuia wakacheka kidogo. Hawakukumbatiana wala nini. Asani alisema muhogo uliokwisha kuota hatang’oa, ila atakata njia pembeni yake baada ya mavuno, na kwa sasa bibi ya ndugu yake apite uani kwake. Aristote akasema miti ataing’oa lakini hataomba msamaha. Nikaandika hivyo hivyo: atang’oa miti, hataomba msamaha.

Mzee Ayoubu aliuchukua muhtasari, akausoma mara mbili, akautia kwenye droo bila kutia sahihi. Nilirudi nyumbani nikijua nimefukuzwa.

19 Novemba

Mzee aliniita asubuhi. Muhtasari ulikuwa mezani, umetiwa sahihi.

“Kuna siku uliandika kwamba nilizungumza na watu kwa upole,” akasema. “Sijazungumza na mutu kwa upole tangu nipewe hiki kiti. Nilisoma ile nikaona aibu, nikafikiri unanicheka.”

“Hapana, Mzee. Ilikuwa heshima.”

“Heshima inaweza kuwa uongo, karani.” Akausogeza muhtasari pembeni. “Ile safari ya familia. Ni safari ya nini?”

Nikamweleza yote. Mtihani, chuo, umri, alama. Alisikiliza kama anavyosikiliza mashauri, macho yakiwa juu ya ukuta. Mwishowe akauliza, “Na wanakuuliza nini huko?”

“Watu waliosema jambo, walisema nini hasa.”

“Ee,” akasema. “Nilikupa mipaka juu ujifunze ileile, kusikia watu walisema nini. Mu mipaka ndiyo watu wanasema sana.”

Akaandika ruhusa kwa mkono wake. Nilitembea na karatasi hiyo mpaka dukani nikiwa siamini. Wiki zile zote nilizoziita adhabu alikuwa amenipa mazoezi. Sikumwelewa mtu ninayekaa naye chumba kimoja kila siku, na mimi ndiye nataka kuwaelewa waandishi wa ng’ambo. Mungu anisamehe, na amlipe.

25 Novemba

Mama Séraphine amepanda Salamabila na mzigo. Hatarudi kabla ya mtihani. Aliniaga akifunga kamba za pikipiki. “Usinililie, karani. Nenda ugombane vizuri.”

28 Novemba

Ametuma sauti kwenye simu. Inaanza na kelele za wachimbaji, kisha yeye, kwa Kiingereza, anadai kwamba mvua ni mbaya kwa biashara. Anataka nimrudishie upande wake kabla ya kumpinga. Nimemtumia. Jibu lake lilikuwa fupi: sikusema hivyo, rudia.

30 Novemba

Nimerudia. Amekubali.

7 Desemba, Kasongo

Nimefika. Pitchou, mwenye pikipiki, ni kijana asiyeogopa chochote, kwa hiyo mimi niliogopa kwa ajili ya wawili. Daraja moja la miti lilikuwa limechukuliwa na maji. Vijana wa hapo walibeba pikipiki mabegani, na mimi nikavuka nimeinua mfuko wangu juu ya kichwa. Mlimani tope lilitushinda tukasukuma. “Patron, wewe sukuma na Kiingereza,” Pitchou akaniambia, “labda hii tope ni ya ng’ambo.” Shangazi Cécilia alinipokea na maji ya moto na wali. Hakuniuliza chochote mpaka nilipomaliza kula. Namshukuru kwa hilo kuliko hata kwa wali.

9 Desemba

Nimeona chumba. Meza, kiti, kompyuta, mlango mmoja. Msimamizi yuko nchi nyingine, ananitazama kwa kamera. Sheria: nisizungumze na mtu, nisisimame, mtu asiingie. Ukivunja, mtihani unafungwa. Mlinzi wa ushirika ameahidi kukaa mlangoni. Shangazi atasali kesho kwa ajili yangu. Jirani zake wa kanisani wameahidi vilevile.

10 Desemba

Mvua ilianza wakati nikijibu sehemu ya hesabu. Bati la ushirika halina dari, kwa hiyo nilikuwa kama mtu aliyekaa ndani ya ngoma. Ikaja sehemu ya maneno. Kifungu cha kwanza nilikisoma, nikafunga macho, nikamtafuta mwandishi, nikamwambia alichosema. Alikubali. Cha pili vilevile. Nilianza kusikia kitu ambacho sijawahi kukisikia mbele ya Kiingereza, nacho kilikuwa karibu na furaha.

Mlinzi, sikujua, alikuwa ameondoka mbio kwenda kuokoa magunia ya mpunga yasilowe.

Mlango ukasukumwa kidogo. “Hodi. Karani, uko humu?”

Ilikuwa sauti ya Mzee Ayoubu. Nilikuwa nimesimama kabla sijafikiri, kichwa kimeinama, mikono mbele, kama ninavyosimama kila asubuhi. Na mdomo ukasema, “Karibu, Mzee.”

Maswali yakatoweka kwenye kioo cha kompyuta.

Ikaja sauti ya mwanamume, ya Kiingereza, tulivu. Aliniambia niketi. Aliniambia nimezungumza na mtu na nimesimama, na kwamba kwa sheria anapaswa kuufunga mtihani. Aliuliza kama nina la kusema.

Maneno ya kwanza yaliyonijia yalikuwa yale ya zamani: ilikuwa kelele ndogo tu, hakuna kilichotokea, sote tuko na amani. Nikayameza. Nikasema, kwa Kiingereza, polepole kwa sababu ya mvua:

“Unasema nilizungumza na mtu. Ni kweli. Unasema nilisimama. Ni kweli. Na sheria ina sababu, kwa kuwa mtu huyo angeweza kunipa majibu, na wengine wanaofanya mtihani huu kwa haki wangedhulumiwa. Je, ndivyo unavyosema?”

“Ndiyo,” akasema. “Ndivyo ninavyosema.”

“Sasa naomba nieleze upande wangu. Aliyekuja ni mkuu wangu wa kazi. Anajua nina mtihani, lakini hakujua kwamba ni saa hii. Kwetu, mtu akiomba kuingia na aliye ndani akanyamaza, maana yake aliye ndani ni mgonjwa sana au anamkataa mgeni. Nilijibu neno moja na kumtaja kwa heshima. Neno hilo ni ruhusa ya kuingia, na hakuingia. Mna sauti hiyo, mnaweza kumpa anayejua Kiswahili aisikilize. Siombi sheria iachwe. Naomba uandike kilichotokea, kisha uamue.”

Nilisikia vidole vyake vikiandika. Vilipotulia aliniomba nizungushe kamera. Nikaonyesha kuta, meza, chini ya meza, mlango ambao sasa ulikuwa umefungwa, sijui na nani.

“Nimeandika kama ulivyoeleza,” akasema. “Mkubwa wangu amesoma. Endelea.”

Kumbe naye alikuwa karani.

Maswali yakarudi, na vifungu vilivyobaki nilivisoma polepole nikavielewa. Hakuna mtu mwingine aliyeita. Hakuna hata aliyepita na kelele, jambo ambalo lilinishangaza, kwa kuwa mbele ya mlango ule ni njia ya wauza mpunga wote. Nilipobonyeza mara ya mwisho, alama ikatokea. Niliitazama, nikalinganisha na ile ya barua. Imepita. Si kwa mbali, lakini imepita. Nilimtumia Mama Séraphine namba hiyo peke yake, bila maelezo. Akajibu: “Hiyo sina la kurudisha.” Nikalia kidogo, kisha nikafungua mlango.

Mzee Ayoubu alikuwa amekaa nje juu ya bidon iliyopinduliwa, koti lake limelowa mgongo mzima kwa maji yaliyokuwa yanamwagika kutoka batini. Mbele yake walisimama wanawake wawili na mabeseni yao, na kijana mwenye mkokoteni, wote kimya kabisa, naye amewainulia kidole kama anavyofanya barazani. Mlinzi alisimama nyuma yao ameinamisha kichwa. Mzee alikuwa ameitwa Kasongo kwenye mkutano wa wakuu wa mabaraza, akaona haifai kuja mjini bila kumsalimia karani wake, akaulizia mpaka akaelekezwa kwa ushirika. Aliponisikia naeleza kwa lugha asiyoijua, hakuhitaji kuambiwa. Aliufunga mlango mwenyewe.

“Imeisha, Mzee,” nikasema. “Nimepata.”

Alishusha kidole, watu wakapita. Akasimama, akakung’uta koti, akarudi mpaka kizingitini, pale hasa aliposimama mara ya kwanza.

“Hodi,” akasema.

“Karibu, Mzee.”

Akaingia.